Muhamadi Kijuma, Mwandishi wa Lamu

Muhamadi Kijuma alizaliwa katika mji wa Lamu karibu na mwaka 1855. Lamu ni kisiwa katika pwani ya kaskazini ya nchi ya Kenya, na zamani zile kilikuwa chini ya enzi ya Unguja. Jina lake kamili lilikuwa Muhammad bin Abubakar bin Omar, ila watu walimwita Kijuma, na kwa jina hilo sifa yake ilienea hata ng'ambo ya bahari.

Alipokuwa mtoto alitiwa chuoni, kama walivyotiwa watoto wengine wa Lamu, akajifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Alipokua alionekana kuwa mtu wa vipaji vingi. Alichonga mbao kwa nakshi. Alijua kupiga kibangala, kinanda cha nyuzi cha watu wa pwani. Tena alitunga mashairi, na watu wa ngoma walimtafuta awatungie nyimbo za kushindana na wenzao. Lakini katika kazi zote hizo, iliyomfanya akumbukwe hata leo ni kazi ya kuandika.

Neno kalamu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni tete. Mtoto wa Matombo ashukaye mto Ruvu, utokao katika milima ya Uluguru, huyaona matete kando ya maji, wala hafikiri kwamba mmea huo ndio kalamu ya kale. Mwandishi alitwaa tete lililokauka, akalichonga kwa kisu kikali, akaikata ncha yake mshazari, kisha akaipasua ufa mwembamba katikati ili wino upate kushuka. Kalamu ya namna hiyo ikivutwa huku huandika mstari mnene, ikivutwa huku huandika mstari mwembamba kama unywele. Katika kunenepa na kukonda huko ndimo herufi hupata uzuri wake.

Kalamu ya tete hukatwa bure, na kila mtu aweza kuwa nayo. Ugumu uko katika mkono uishikao na kichwa kiuongozacho mkono huo. Ubeti wa utendi una vipande vinne, na kwa desturi ya Lamu vyote vinne viliandikwa katika mstari mmoja, na kati yao ikatiwa alama ya kutenga. Mwandishi alipaswa kupima nafasi yake vizuri, asije akabanwa mwishoni mwa mstari. Tena herufi za Kiarabu hazikuwekwa kwa ajili ya Kiswahili. Sauti ya pa, ya ga, ya va na ya cha hazina herufi zao katika Kiarabu, na waandishi wengi waliziandika kwa herufi za sauti zilizo jirani. Kwa hiyo mtu aliyenakili asichokielewa alikosea upesi. Kijuma hakunakili hivyo, maana tendi za kale alizijua, na maneno ya Kiamu yaliyomo aliyafahamu.

Wakati huo tendi nyingi zilikuwa katika hatari. Nyingine zilikaa vifuani mwa wazee, na mzee akifa huondoka na vilivyomo kifuani mwake. Nyingine ziliandikwa katika karatasi, na karatasi pwani ina adui wengi: mchwa, unyevu wa bahari na mvua ipenyayo katika dari. Kilichotakiwa ni mtu wa kuandika upya, na mtu wa kulipia kazi hiyo.

Katika miaka ya 1911 hadi 1913 alitembea katika Afrika ya Mashariki bibi mmoja mtaalamu kutoka Uingereza, jina lake Alice Werner, akitafuta habari na mashairi ya Waswahili. Katika mwaka 1913 Kijuma aliandika utendi wa Fumo Liyongo, shujaa wa pwani aliyefungwa gerezani, mama yake akampelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate, naye akakata minyororo yake akatoka. Habari za Liyongo zilikuwa zikisimuliwa tangu kale, lakini utendi huo wa Kijuma ndio uliozifanya zijulikane mahali pengi.

Baada ya hapo walitokea wengine waliotaka maandiko yake. Mwingereza William Hichens alipelekeana naye barua katika miaka ya 1930, na Kijuma alimwandikia tendi na kuzituma kwa posta. Mmojawapo ulikuwa Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir juu ya fahari ya Pate iliyoanguka, ambalo Hichens alilipiga chapa London mwaka 1939. Tena mwaka 1936 Mjerumani mmoja, Ernst Dammann, alifika Lamu pamoja na mkewe, wakakaa miezi kadhaa. Kijuma alikuwa amepita miaka themanini, lakini macho na mkono wake vilikuwa bado vyafanya kazi. Alimwandikia Dammann kurasa nyingi na kumweleza maneno magumu, na mwaka 1940 Dammann alitoa kitabu kikubwa cha mashairi ya Lamu.

Basi hiyo ilikuwa biashara, na Kijuma aliijua. Wenye kukusanya maandiko walitaka mwandiko mzuri wa kuhifadhiwa, naye alihitaji fedha ya chakula kama mtu ye yote. Yawezekana kusikitika kwamba kurasa hizo zilikwenda nchi za mbali, ambako watoto wa Lamu hawakuweza kuzisoma. Sikitiko hilo ni la haki. Lakini lazima kukumbuka pia namna ya bidhaa yenyewe. Mwuza ng'ombe hurudi nyumbani bila ng'ombe. Mwuza nakala hurudi na utendi wake kichwani, naye aweza kuuandika tena kesho. Kijuma hakuwapunguzia watu wake kitu kwa kuandika. Kama asingeandika, sehemu ya maneno hayo ingalipotea Lamu na Ulaya pia.

Kalamu zenyewe nazo zina wakusanyaji wake. Katika mwaka 1884 Mmarekani mmoja, Lewis Waterman, alipata hati ya serikali ya kumlindia kalamu aliyoibuni, ichukuayo wino ndani ya mpini wake. Nyingi za kalamu za namna hiyo zilizotengenezwa zamani zilikuwa na ncha laini ya dhahabu. Mwandishi akiikandamiza, ufa wake hufunguka na mstari hunenepa; akiinua mkono, ufa hujifunga na mstari hukonda. Baadaye watu wa maofisi walitaka ncha ngumu, ipate kukandamiza karatasi ya kaboni na kutoa nakala, na baada ya vita ya 1939 hadi 1945 kalamu ya kidude cha mviringo ilienea kila mahali. Ncha laini zikawa adimu. Leo watu wa Ulaya, Marekani na Japani huzitafuta na kuzilipia fedha nyingi. Mnunuzi mwenye akili huichungulia ncha kwa kioo cha kukuza, aone kama haina mpasuko, maana ncha iliyokandamizwa kupita kiasi hupinda isirudi tena. Lakini mtu aweza kununua kalamu bora kuliko zote, akaenda nayo nyumbani, na mwandiko wake ukabaki ule ule wa jana. Waliomwandikia barua Kijuma hawakutaka tete lake. Walitaka kile ambacho tete haliwezi kukifanya peke yake.

Muhamadi Kijuma alifariki mwaka 1945, akiwa mzee wa miaka karibu tisini. Maandiko yake yamehifadhiwa London, Hamburg na Berlin. Kurasa nyingi zimepigwa picha, na mwaka 2010 wataalamu wawili, Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, walitoa kitabu juu ya tungo zake, hata watu wa pwani wanaweza kuyasoma tena maneno yaliyosafiri mbali.

Kazi yake haikuwa ya Lamu tu. Katika milima ya Uluguru pia wako wazee wajuao hadithi, nyimbo na asili za koo zao, na mengi ya hayo hayajaandikwa na mtu. Mwanafunzi ajuaye kuandika hana haja ya kungoja mgeni aje kuyanunua. Na aketi karibu na babu yake au bibi yake, asikilize kwa adabu, aulize asichokielewa, kisha aandike kwa herufi safi, akiweka tarehe na jina la aliyesimulia. Penseli ya shule inatosha.