Meyerhof: Mkimbizi aliyefumbua siri ya nguvu za misuli

OTTO Meyerhof alizaliwa Hannover, Ujerumani, mnamo Aprili 12, 1884, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari, lakini swali moja lilimtawala: misuli hupata wapi nguvu? Utafiti wake ulimpa Tuzo ya Nobel ya 1922, pamoja na Mwingereza Archibald Hill.

Mnamo 1929, Karl Lohmann aligundua katika maabara ya Meyerhof kemikali ya ATP, inayobeba nishati ndani ya seli. Vimeng'enya huivunja kwa msaada wa maji, na nishati inayotoka hapo ndiyo huikaza misuli.

Sifa hizo hazikumkinga dhidi ya Wanazi. Alitorokea Paris mnamo 1938. Ufaransa ilipovamiwa 1940, akakimbia tena kupitia Uhispania hadi Marekani. Alifariki Philadelphia mnamo Oktoba 6, 1951.

Siku hizi, wataalamu hutumia tarakilishi kuiga jinsi vimeng'enya vinavyoivunja ATP, atomu kwa atomu. Mmoja wa waasisi wa mbinu hiyo, Martin Karplus, aliyetuzwa Nobel mnamo 2013, aliwakimbia Wanazi akiwa mtoto nchini Austria, mwaka uo huo wa 1938.