Vincent van Gogh, mutu aliyechora njia ya wachimbaji

Wandugu wa mugodi, jina la Vincent van Gogh wengi wetu tunalisikia juu picha zake zinauzwa leo kwa makuta mingi sana. Lakini watu kidogo wanajua kama kazi yake ya kuchora alianzia kati ya wachimbaji.

Alizaliwa mwaka 1853 kule Uholanzi, mutoto wa muchungaji. Mwezi wa 12, 1878, alifika Borinage, mu Ubelgiji, kuhubiria watu wa migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1879 alishuka nao mu mugodi wa Marcasse, metri 700 chini ya udongo. Mwezi wa 4 wa ule mwaka, gazi ililipuka mu mugodi wa Agrappe, watu zaidi ya 100 wakafa. Vincent aliuguza wenye kuumia, akagawa nguo zake, akalala sawa masikini. Wakubwa wa kanisa waliomutuma hawakupenda ile mwenendo, wakamusimamisha kazi. Mwaka 1880, mu kijiji cha Cuesmes, njo alikamata krayoni kabisa.

Kati ya picha zake za ule mwaka kuko moja ya wachimbaji mu theluji. Tuangalie namna aliipanga. Mbele, wanaume na wanawake wanafuatana asubuhi mu njia, wanaenda kazini. Kando ya njia kuko lupango ya miiba. Nyuma kabisa, majumba ya mugodi na mulima wa takataka yake, sawa kivuli tu mbele ya mbingu. Wachoraji wengi wa mandhari wanatia watu wadogo-wadogo, ili mulima ao miti ionekane mikubwa. Yeye aliweka watu karibu, mugodi mbali. Macho yetu yanafuata kwanza nyayo za wafanyakazi, kisha njo yanafika kwa kampuni. Ukitosha wale watu, picha haina maana tena.

Alikufa Ufaransa tarehe 29/7/1890, na miaka 37, bila mali.

Siye mu sendika tunakamata ile fundisho. Mara mingi picha za migodi yetu zinaonyesha shimo, mashine na camion, mutu hakuna. Mukiona picha ya namna ile mu kalenda ao ku ukuta wa biro, muulize: wafanyakazi wamewekwa wapi? Pale mutu amewekwa mu picha, pale njo bei yake inaonekana.