Wangila na Ndondi za Ugenini

Jina la Wangila si geni kwetu huku Matisi. Katika Kibukusu, engila ni njia, na mtoto wa kiume ambaye mama yake alimzaa akiwa safarini hupewa jina hilo. Wa kike huitwa Nangila. Kati ya Kitale na Bungoma si rahisi umalize wiki bila kukutana na mmoja wao. Hata hivyo, Mkenya wa sehemu nyingine akilisikia jina hili humkumbuka mtu mmoja tu, naye ni Robert Napunyi Wangila, bondia. Vijana wetu wanalijua jina lakini habari yake hawaijui vyema, na wengine hudhani kwamba alikufa kwa sababu alikuwa dhaifu. Dhana hiyo haimtendei haki.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Wakati huo ndondi zilikuwa na heshima kubwa nchini. Philip Waruinge alikuwa karibu kutuletea nishani ya shaba kutoka Mexico mwaka 1968, kisha ya fedha kutoka Munich mwaka 1972, na baadaye naye akahamia Japani kupigana kwa malipo. Kenya ilisusia michezo ya Olimpiki ya 1976 na ya 1980, hivyo kizazi kizima cha mabondia kikazeeka bila kupata nafasi ya kujipima. Wangila alibahatika kuzaliwa kwa wakati wake.

Mjini Seoul, mwaka 1988, alifika fainali ya uzani wa welta akakutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Katika raundi ya pili Mfaransa huyo alikuwa chini. Wangila, aliyekuwa ametimiza miaka 21 majuma machache tu kabla ya hapo, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Mwaka ule Kenya ilipata dhahabu tano, na nne zililetwa na wanariadha. Tangu hapo hadi Michezo ya Paris ya 2024, kila dhahabu nyingine ya Kenya katika Olimpiki imetokana na riadha. Ya Wangila imebaki peke yake.

Mwaka 1989 alikwenda Marekani na kuingia katika ndondi za kulipwa. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Lugha yetu inauita mchezo huu ndondi pande zote mbili, na kutofautisha kwa kivumishi tu: za ridhaa na za kulipwa. Neno ridhaa limetoka katika Kiarabu, nalo lina maana ya kukubali na kuridhika. Mtu hupigana kwa kupenda. Lakini tofauti haiko katika fedha peke yake. Kule Seoul, bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa na fulana, akapigana raundi tatu za dakika tatu tatu. Aliyekuwa mwepesi na mwenye konde zito aliweza kumaliza kazi mapema. Katika ndondi za kulipwa kichwa ki wazi, raundi ni kumi au kumi na mbili, na mpinzani hufundishwa kukuchosha, kukupiga mbavuni, na kungoja. Kwa maoni yangu hizi ni fani mbili zinazoshiriki jina moja. Kuingia fani ya pili ukiwa mtu mzima, ugenini, ni kama kujifunza lugha ya pili ukubwani: maneno utayapata, lakini lafudhi ya kwanza haikuachi, na hurudi hasa pale unapochoka.

Wangila alijitahidi. Alishinda mapambano 22 na kupoteza 5, na mengi aliyoshinda aliyamaliza kabla ya muda kwa lile konde lake. Ila ubingwa wa dunia haukumjia. Boudouani yule yule aliyeangushwa Seoul ndiye aliyeupata mwaka 1996, ubingwa wa WBA, akaushikilia kwa miaka kadhaa.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, Wangila alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa alilikatiza pambano. Wangila, akiwa bado amesimama, alilalamika kwamba amekatizwa bure. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo, na tarehe 24 akafariki, akiwa na umri wa miaka 26. Mtu dhaifu halalamikii kunusuriwa. Katika mji huo huo, mwaka 1982, Mkorea Kim Duk-koo aliumia ulingoni akafa, na kifo chake ndicho kilichowafanya viongozi wa WBC wapunguze raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Kifo cha Wangila hakikubadili kanuni yoyote ninayoijua.

Kilichofuata hapa nyumbani ni ugomvi juu ya maiti. Wangila alikuwa amesilimu. Jamaa zake Wakristo hawakukubali kwamba dini hiyo ndiyo imzike. Kenya ilikuwa bado inaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno ya 1987, ambamo mjane alishindwa na ukoo, na marehemu akapelekwa kuzikwa Nyalgunga. Kwa Wangila, shauri lilifika mahakamani vile vile huku mwili ukingoja, lakini uamuzi ulielekea upande mwingine. Alizikwa kwa taratibu za Kiislamu, kwa mujibu wa dini aliyoichagua mwenyewe ukubwani.