Imam Ghazali, pamba na moto

Kwetu pwani Imam Ghazali ni jina la msikitini. Ihya yake imesomwa na kusomeshwa vizazi na vizazi, na sisi Mashafii tunamhesabu miongoni mwa vigogo wa madhehebu yetu. Lakini kuna sehemu ya kazi yake ambayo naona tumewaachia watu wa vyuo vikuu, na hiyo ndiyo iliyonishika.

Alizaliwa Tus, Khurasan, mwaka 1058, akasoma kwa Imam Juwayni huko Nishapur. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimpa kusomesha Nizamiyya ya Baghdad, hata miaka 35 hajatimiza. Hapo ndipo alipoandika Tahafut al-Falasifa, masuala 20 ya kuwapinga wanafalsafa. Langu ni suala la 17.

Pamba ikigusa moto huungua. Nani asiyejua? Ghazali akauliza tumejuaje. Tumeona kugusana, tumeona kuungua, pengine mara elfu. Kwamba kimoja hakina budi kuleta kingine, hilo jicho halijaliona. Tulichonacho ni ada, mazoea ambayo Mungu ameyapitisha katika mambo, naye akitaka huyakatiza, kama alivyomnusuru Nabii Ibrahim motoni. Akatoa na mfano wa kipofu wa kuzaliwa aliyefumbuka macho mchana: atadhani anaona rangi kwa kuwa macho yamefunguka, basi. Jua likizama ndipo atakapojua kulikuwa na mwanga ambao hakuutia hesabuni.

Kipofu huyo hunijia sana hapa Riruta Satellite ninapoishi. Kabla ya mvua za Aprili 2024 kuifurikisha Nairobi, hoja ya kukaa karibu na mto ilikuwa moja tu: maji hayajawahi kufika hapa. Miaka 20 mikavu ikafanywa dhamana ya mwaka wa 21. Wala hiyo si hoja ya wajinga. Mimi nami navuka daraja kila asubuhi kwa sababu jana halikuvunjika.

Ghazali aliiona hatari ya maneno yake. Kama hakuna lazima, huenda kitabu ulichokiacha nyumbani sasa ni farasi! Akajibu kwamba Mungu ametutia pia ujuzi kuwa mambo hayo, japo yawezekana, hayatokei, na ada ikijirudia ujuzi huo hukita mizizi. Kwangu jibu hili linaeleza kwa nini tunaamini. Haki ya kuamini linampa yule tu anayemtegemea mwenye kuipitisha ada. Ibn Rushd wa Kurtuba alimjia juu: anayekana sababu ameikana akili. David Hume wa Scotland, mwaka 1739, alilikuta fundo hilohilo bila Mungu wa kumshikia kamba, akabaki na mazoea matupu.

Mwaka 1095 ulimi wa Ghazali ulifunga, akashindwa kusomesha. Akaacha cheo, akaenda Damascus, Quds, kisha Hijja. Ihya tunayoijua ni ya miaka hiyo ya kutangatanga. Alirudi kusomesha Nishapur mwaka 1106, na alifia kwao Tus, Desemba 1111.