Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin

Sisi wa Handeni na Korogwe tukienda kutafuta maisha Dar es Salaam, tunajua basi la kurudi lipo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, hakuwa na uhakika huo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin, Ujerumani, kufundisha Kiswahili. Baadhi ya wanafunzi wake, waliojiandaa kuja kututawala, walimvunjia heshima darasani. Hata hivyo alijenga maisha huko, na mwaka 1904 akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata aliacha kazi, wakapanda meli kuja nyumbani. Serikali ya koloni ikawakatalia. Kosa lao lilikuwa ndoa tu! Wakarudi Ujerumani, akaishi kwa kufundisha na kutoa mihadhara hadi alipofariki Berlin mwaka 1927.