Dadabhai Naoroji: Mwalimu wa hesabu aliyewauliza Waingereza fedha za India zinakwenda wapi

Zikitajwa habari za uhuru wa India, wengi tunamkumbuka Gandhi. Lakini Gandhi alikuwa hajazaliwa wakati Dadabhai Naoroji alipoanza kuwauliza Waingereza fedha za India zinakwenda wapi.

Naoroji alizaliwa mwaka 1825 katika familia maskini ya Kiparsi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Mama yake, ambaye hakujua kusoma, alihakikisha mwanawe anasoma. Alisomeshwa bila ada mjini Bombay, ambao leo unaitwa Mumbai, na baadaye akawa mwalimu wa hesabu chuoni.

Mwaka 1855 alikwenda Uingereza kufanya biashara. Aliamini kwamba Waingereza ni watu wa haki, na kwamba wakielezwa ukweli watajirekebisha. Basi akachukua taarifa za serikali yao wenyewe, akapiga hesabu.

Aligundua kuwa pato la Mhindi mmoja lilikuwa kama rupia 20 kwa mwaka. Akalilinganisha na gharama ya kumlisha na kumvisha mfungwa gerezani. Jibu likawa chungu: mkulima huru alikuwa na hali mbaya kuliko mfungwa.

Fedha zilikwenda wapi? Kodi ya mkulima ililipa mishahara minono ya maofisa wa Kiingereza, na pensheni zao waliporudi kwao. Hata askari wa India walipopelekwa kupigana Uhabeshi, Ethiopia ya leo, mwaka 1867, mishahara yao ya kawaida iliendelea kutoka katika hazina ya India. Mali ilitoka kila mwaka, na wala hairudi.

Jambo la pili lilihusu kazi. Mwaka 1858 Malkia Victoria aliahidi kwamba Wahindi hawatabaguliwa katika kazi za serikali. Lakini mtihani wa kupata vyeo vya juu ulifanyika London tu. Kijana wa India alipaswa kuvuka bahari kwa gharama yake. Kisha, katika miaka ya 1870, umri wa mwisho wa kufanya mtihani huo ukashushwa kutoka miaka 21 hadi 19. Vijana waliosoma wakaona mlango unafungwa.

Mwaka 1885 Naoroji na wenzake walianzisha chama cha Congress mjini Bombay. Mwanzoni hawakudai uhuru. Waliandika maombi kwa heshima. Mwaka 1892 Naoroji alichaguliwa mbunge wa Finsbury, London, kwa tofauti ya kura chache mno. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha azimio kwamba mtihani ufanyike India pia. Serikali haikulitekeleza.

Hapo ndipo uvumilivu ulipokwisha. Mwaka 1906, akiwa na miaka 81, Naoroji aliongoza mkutano wa Congress mjini Calcutta, na akatamka wazi kwamba India inataka kujitawala.

Alifariki mwaka 1917, miaka 30 kabla ya uhuru. Aliyeanza kwa kuomba alimaliza kwa kudai, na waliomfikisha hapo ni wale wale waliokuwa wakipokea maombi yake na kuyaweka kando. Kizazi kilichomfuata hakikuanza tena na maombi.