Kabla Upige Picha Kasri la Egerton, Mjue Mwenye Nyumba

Kama wewe ni mtu wa Nakuru, lazima umeziona hizo picha. Bibi harusi ameketi kwenye ngazi, ama mwanamitindo amesimama katikati ya ukumbi wa dansi, mbao za mwaloni zimepanda ukutani nyuma yake hadi unadhani ni Ulaya. Si Ulaya. Ni Ngata, njia ya Njoro, safari fupi ya matatu kutoka mjini. Je, mwenye nyumba unamjua?

Aliitwa Maurice Egerton. Alizaliwa Uingereza mwaka 1874, kwenye ukoo tajiri wa Tatton, na baadaye akarithi cheo cha Lord. Jamaa alipenda kila kitu kipya cha enzi zake. Magari yalipotokea, akanunua. Ndege zilipotokea, akajifunza kurusha, na mwaka 1910 akapata cheti cha rubani namba 11 nchini kwao. Alifahamiana hata na wale ndugu wawili, Wright, waliorusha ndege ya kwanza. Na sasa sikia hii: alikuwa mpiga picha wa kweli. Alizunguka dunia na kamera, na picha zake bado zimehifadhiwa kule Tatton.

Kenya alipata maelfu ya ekari Njoro. Usipite hapo haraka. Siku hizo ardhi nono ya huku ilitengewa Wazungu kwa sheria, Mwafrika akabaki kibarua juu yake. Mwaka 1939 Egerton alitoa ekari 740 na kuanzisha shule ya kilimo, lakini ya vijana Wazungu. Shule hiyo ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, na ndicho kinacholitunza kasri.

Kasri lenyewe lilianza kujengwa 1938, Vita vya Pili vya Dunia vikalisimamisha, likakamilika 1954. Vyumba 52, vya mtu mmoja! Ukumbi wa dansi ukawekewa kinanda chenye mabomba. Mawe yalichongwa na kupandishwa kwa mikono ya mafundi na vibarua ambao majina yao huwezi kuyasoma ukutani.

Kwa nini nyumba kubwa hivyo? Waongozaji wageni watakusimulia kwamba alimpenda mwanamke fulani, akamjengea nyumba, mwanamke akaidharau kuwa ni kibanda cha kuku. Akamjengea kasri, bado akakataa. Tangu hapo, inasimuliwa, Lord akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga shamba lake. Story ina matoleo mengi, kwa hivyo ichukue kama story. Kilicho hakika ni kwamba hakuoa, hakuacha mtoto, na alipofariki Januari 1958 cheo chake kikafa naye. Alikuwa na miaka 83. Kasri lililokamilika alilifaidi kama miaka minne tu.

Hiyo hadithi ya mapenzi ni tamu, na inavuta wageni. Shida ni kwamba inameza mengine yote. Tunamhurumia tajiri aliyekataliwa, tunamsahau aliyebeba jiwe na aliyezuiwa kumiliki hata robo ekari ya udongo uleule.

Ila ona vile mambo yamepinduka. Nyumba inayosemekana ilifungia wanawake mlango, leo wanawake ndio wanaipa uhai, kila Jumamosi na gauni jipya. Na ule ukumbi wa mzungu mmoja sasa unaingia wewe, ukilipa kiingilio chako.

Kwa hivyo nenda, piga picha zako. Mbao zile ni nyeusi na zinameza mwanga, msimamishe mrembo wako karibu na dirisha. Na ukiziposti, usiandike tu eti nyumba ya mapenzi. Andika pia ilijengwa na nani, juu ya ardhi gani.